Deni la Mjomba na Bima ya Gari

Shangazi yangu hajawahi kugonga hata kuku. Sisemi hivyo kwa kumpendelea. Nimepanda gari lake miaka mitano, tena usiku, tena kwenye barabara za Houston ambako magari hukimbia kana kwamba yamechokoza nyuki, na naapa kwamba mama yule huendesha kama mtu aliyepakata trei ya mayai. Miaka 19 aliyokaa na leseni ya Texas hakuandikiwa faini, hakuchubua bampa la mtu, wala hakuidai kampuni yake ya bima senti moja. Halafu mwaka 2019, mwezi wa nne, kampuni hiyohiyo ikamletea barua: ada yake ya miezi 6 imepanda kutoka dola 612 hadi dola 874.

Akaniita jikoni. Kiingereza anakijua kunizidi, lakini aliisukuma ile karatasi upande wangu wa meza.

"Hebu nisomee, baba. Labda macho yangu yamezeeka."

Hayakuwa yamezeeka. Barua ilisema ada imepanda kwa sababu ya habari zilizomo katika ripoti yake ya krediti. Chini yake palikuwa na sababu yenyewe, mstari mmoja mkavu: madeni ya kadi zake ni makubwa mno yakilinganishwa na kikomo alichowekewa. Kuhusu namna anavyoendesha gari, hakuna hata neno.

Basi ndugu msomaji, tangu siku ile kuna swali limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Je, ni haki mtu alipishwe zaidi kwa jambo ambalo hajalitenda, eti kwa kuwa watu wanaofanana naye kwenye karatasi wamezoea kulitenda? Najua wapo watakaosema hayo ni ya Wamarekani, sisi yanatuhusu nini. Vumilieni kidogo. Nusu ya vijana ninaowajua hapa Dar wana pasipoti mfukoni na ndoto ya majuu kichwani, na nusu iliyobaki wanakopa kwa simu.

Nianze na deni lenyewe, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini nilikasirika vile.

Mjomba, yaani mume wa shangazi, aliugua saratani mwaka 2018 na akafariki mwezi wa kumi na moja mwaka huohuo. Tulimzika hukohuko, katika makaburi ya Waislamu nje ya mji. Kabla ya sala, kama ilivyo desturi yetu, mzee mmoja wa jamaa alisimama akatangaza: yeyote anayemdai marehemu aje kwa familia, na anayedaiwa naye vilevile. Hakuja mtu. Mjomba hakuwa mtu wa madeni, na wale wachache waliomkopesha vijisenti walishamsamehe hata kabla hajapelekwa kaburini. Mdai mmoja tu hakuwepo kwenye ule msikiti, nayo ni hospitali. Hospitali haiji msibani. Ilituma bili yake kwa posta mwezi wa kwanza: baada ya bima ya afya kulipa sehemu yake, zilibaki dola elfu kumi na moja na ushee.

Shangazi alikuwa ndani ya eda. Alikaa kitandani na khanga zake, akafungua pochi, akatoa kadi mbili za benki ambazo kwa miaka yote alizitumia kujazia mafuta tu, akapiga simu, akalipa deni lote kwa mkupuo. Mimi nikajitia mjuaji. Nikamwambia shangazi, hospitali za huku watu huwa wanazibembeleza, wanalipa kidogokidogo, wengine hupunguziwa nusu. Akanitazama kama ninayemwambia aibe.

"Mjomba wako hawezi kulala na deni la watu."

Kwake halikuwa suala la fedha. Alilelewa Tanga kwa imani kwamba marehemu hufungwa na deni lake mpaka lilipwe, na kwamba kulilipa ni haki ya kwanza ya maiti, hata kabla ya mirathi. Akalitoa deni kwenye mabega ya aliyekufa akalitia kwenye mabega yake mwenyewe. Mimi naliita tendo la heshima kuliko yote niliyoyaona kwa miaka mitano niliyoishi Marekani. Mashine iliyolisoma iliona kadi mbili zilizokuwa karibu tupu zimejaa ghafla hadi shingoni.

Sasa tuitazame hiyo mashine. Marekani wana kampuni kubwa tatu zinazotunza kumbukumbu za madeni ya kila mtu: Equifax, Experian na TransUnion. Kutokana na kumbukumbu hizo hupikwa namba moja. Inayojulikana zaidi ni ile ya FICO, iliyotoka mwaka 1989, nayo huanzia 300 hadi 850. Asilimia 35 yake hutokana na kulipa kwa wakati, na asilimia 30 hutokana na kiasi unachodaiwa, hasa ukilinganisha deni la kadi na kikomo chake. Kampuni za bima zina namba yao ya peke yake, ndugu wa hiyo, inayopikwa katika sufuria lilelile. Ilianza kuenea miaka ya mwanzo ya tisini. Hapo ndipo deni la kadi linapoingia kwenye gari na kufunga mkanda.

Nisiwe mwongo: namba hii ilikuja kama nafuu. Hiyo Equifax ilianza mwaka 1899 huko Atlanta kwa jina la Retail Credit Company, na kwa miaka mingi kazi yake mojawapo ilikuwa kutuma watu mitaani kuwachunguza waombaji wa bima. Walikwenda kwa majirani wakauliza: huyu bwana analewa? Nyumba yake ni safi? Anaishi na nani, na huyo mwanamke ni mkewe kweli? Yaani umbeya ulioandikwa kwa taipureta na kuuzwa. Malalamiko yalipozidi, Bunge lao likapitisha sheria ya mwaka 1970 iliyompa mtu haki ya kujua kilichoandikwa juu yake na kukipinga, na mwaka 1975 kampuni ikabadili jina. Sheria hiyohiyo ndiyo inayoilazimisha kampuni ya bima kukuandikia barua pale inapokupandishia ada kwa sababu ya krediti yako. Bila hiyo shangazi asingejua lolote. Na sheria hiyohiyo ndiyo inayoiruhusu kampuni ya bima kuichungulia ripoti. Basi mtu akikwambia namba ni bora kuliko mbeya, usimbishie haraka. Namba haiulizi unalala na nani.

Lakini nimekulia Magomeni na mimi daftari la madeni nalijua. Mama alikuwa akinituma dukani kwa Mangi: "Mwambie aandike." Mangi alikuwa na kitabu kirefu, kurasa zimelowa mafuta ya taa, kila nyumba na ukurasa wake. Sukari nusu. Sabuni mche. Unga kilo mbili. Wala sitaki kumpamba yule mzee. Mdomo wake ulikuwa mchafu, na mwezi ukipinduka hujalipa alikusomea deni lako mbele ya wateja kwa sauti ya mwadhini. Kuna Jumamosi nilirudi nyumbani mikono mitupu nikilia. Hata hivyo Mangi alijua jambo moja ambalo ile mashine ya Atlanta haijui: alijua kwamba mshahara wa baba umechelewa, kwa sababu mishahara ya kiwanda kizima ilikuwa imechelewa. Aliandika deni, na sababu yake alikuwa nayo kichwani.

Jambo la pili ndilo kubwa zaidi. Daftari la Mangi halikuwahi kutoka dukani. Lilikaa chini ya kaunta, likazungumza habari za sukari na sabuni, basi. Kama konda wa daladala angeniambia, "Dogo, nauli yako mara mbili, mama yako anadaiwa unga," nadhani abiria wote wangeshuka pale Magomeni Mapipa wakamfundisha adabu. Hakuna aliyetutungia sheria hiyo. Kila mtu alijua tu kwamba deni la unga ni la unga, na nauli ni ya safari.

Nilimweleza hayo mshikaji wangu mmoja tuliyekuwa tukibeba naye boksi kwenye ghala, zamu ya usiku. Mchana mchizi alikuwa anasomea hesabu za bima chuoni, kwa hiyo ndiye mtu pekee niliyemjua aliyekuwa upande wa kampuni na bado akanigawia ugali wake. Akacheka.

"Wewe unaandika mashairi. Swali la bima ni moja tu: nani atatugharimu?"

Akanieleza kwamba mwaka 2007 Tume ya Biashara ya serikali yao kuu ilitoa ripoti ndefu juu ya jambo hili hili. Nikaitafuta nikaisoma, maana sipendi kushindwa kwa maneno ya kusikia. Ni kweli. Ripoti ilikuta kwamba alama za bima zinazotokana na krediti zinatabiri vizuri gharama ambazo dereva ataisababishia kampuni: wenye alama za chini, kwa wastani, huleta madai mengi zaidi. Ilikuta pia kwamba Weusi na Walatino wamejaa zaidi kwenye alama za chini, ingawa ndani ya kila kundi, la Weusi, la Wazungu, la Walatino, namba iliendelea kutabiri. Kwa hiyo siwezi kusema namba inadanganya. Ingenirahisishia kazi, lakini siwezi.

"Tena," mshikaji akaendelea huku akiburuta boksi, "wewe mwenyewe una miaka 24. Unalipa bima kuliko bibi wa miaka 50 kwa sababu vijana wa kiume wanagonga. Wewe umegonga? Hujagonga. Mbona hilo hulilalamikii?"

Hapo alinipata, soo kabisa. Nilikaa wiki nzima nikitafuna jibu. Jibu nililolipata si la kumshinda mtu mahakamani, lakini naliweka hapa. Ujana tunapita wote. Yule bibi naye aliwahi kuwa na miaka 24, na mimi nikijaliwa nitafika 50. Mzigo unazunguka kama mchezo wa upatu, kila mmoja na zamu yake. Umaskini hauna zamu. Ukiwa kwenye alama za chini unalipa bima zaidi, ukilipa zaidi kinachobaki cha kulipia madeni kinapungua, madeni yasipopungua alama haipandi. Ujana unaisha wenyewe hata ukilala. Huu mwingine unajilisha.

Halafu nikamuuliza swali ambalo nadhani ndilo lililomsimamisha hata yeye: kwani *kwa nini* inatabiri? Deni la kadi linamsukumaje mtu akagonge? Ripoti yenyewe haikupata jibu la uhakika. Wapo wanaosema mtu makini na pesa huwa makini na usukani. Inawezekana. Lakini yapo maelezo mengine yanayonishawishi zaidi. Chukua madereva wawili, wote wamechubuliwa mlango kwenye maegesho ya soko. Mmoja ana akiba: anapeleka gari kwa fundi, analipa dola 600 mfukoni, anasahau, kampuni haijui kama kulikuwa na mchubuko. Mwingine hana kitu: anapiga simu bima. Wote wawili wanaendesha sawasawa. Kwenye kompyuta ya kampuni, wa pili ndiye "hatari".

Mshikaji akanijibu bila hata kufikiri, "Sawa. Lakini kampuni haiuzi udereva mzuri. Inauza fidia. Anayedai ndiye gharama."

Na ni kweli, bwana! Ndiyo maana nikasema hapo ndipo penye mzizi. Kama bima ingekuwa kama televisheni, kitu cha kununua ukitaka, ningenyamaza. Lakini Texas, kama karibu majimbo yote ya kule, inamlazimisha kila mwenye gari awe na bima ya kumlipa atakayemgonga: angalau dola 30,000 kwa mtu mmoja aliyeumia, 60,000 kwa ajali moja, na 25,000 kwa mali. Bila hiyo polisi anakuandikia faini, na ukirudia unaweza kunyang'anywa leseni. Serikali inakulazimisha kwa hoja ya barabara: gari linaweza kuua, aliyegongwa asiachwe na kilio tu. Hoja safi. Halafu inakukabidhi kwa muuzaji ambaye anakupimia kwa hoja nyingine kabisa, hoja ya mfuko. Umeingia mlango wa usalama, unatozwa kwenye dirisha la umaskini. Na Houston bila gari huendi kazini. Shangazi anawahudumia wazee katika kituo kimoja, zamu ya usiku, maili 22 kutoka nyumbani, na saa tano ya usiku hakuna basi la kumfikisha.

Mwaka 2015 jarida la Consumer Reports lilichunguza bei za bima nchi nzima. Kwenye jimbo la Florida lilikuta kwamba dereva asiye na doa lolote barabarani lakini mwenye krediti mbovu alilipishwa, kwa wastani, dola 1,552 zaidi kwa mwaka kuliko dereva wa aina hiyohiyo mwenye krediti nzuri sana aliyewahi kutiwa hatiani kwa kuendesha amelewa. Nilimsomea mshikaji. Kwa mara ya kwanza aliweka boksi chini.

"Hiyo imezidi," akasema. Halafu akaliinua tena.

Si kwamba haiwezekani kufanya vingine. Wapiga kura wa California waliamua mwaka 1988 kwamba bima ya gari ipangwe kwanza kwa rekodi ya mtu barabarani, maili anazoendesha kwa mwaka, na miaka aliyokaa na leseni. Kampuni za California hazitumii krediti kupangia bei ya bima ya gari. Hawaii na Massachusetts nao wamekataa. Magari yanatembea huko na bima inauzwa. Katika jimbo la Washington kamishna wa bima alijaribu kuizuia mwaka 2021, kampuni zikaenda mahakamani, na mwaka 2022 jaji akasema kamishna amevuka mipaka ya madaraka yake. Kwa hiyo mtu yuleyule, gari lilelile, akivuka mpaka wa jimbo anageuka kuwa mwema au mbaya. Hili linanionyesha kwamba kinachobishaniwa si ukweli wa namba. Ukweli wa namba ni uleule pande zote mbili za mpaka. Kinachobishaniwa ni kipi tunachokubaliana kwamba muuzaji ana haki ya kuuliza.

Mimi msimamo wangu ni huu, na aupinge anayetaka: utabiri unaonihusu mimi uniachie mlango wa kuukanusha kwa jambo lilelile unalolitabiri. Ukiniambia nitagonga, nipe nafasi ya kukuonyesha kwamba sigongi. Shangazi alikuwa na miaka 19 ya kuonyesha. Mshikaji alinipunguzia raha hata hapo: ajali ni nadra, alisema, watu wengi hukaa miaka bila kugonga, kwa hiyo ukimya wa miaka 19 hauisemeshi hesabu kiasi ninachodhani. Hilo sikuwa na jibu lake, na mpaka leo sina. Lakini ni ajabu kidogo, siyo? Miaka 19 ya mwenendo haina uzito wa kutosha, miezi mitatu ya kadi iliyojaa inao.

Msidhani haya yamebaki ng'ambo ya bahari. Huko Kenya vijana walioomba kazi za serikali wametakiwa waambatishe cheti cha CRB kuonyesha kwamba hawana mkopo mbovu. Fikiria: huna kazi, ulikopa kwa simu ukale, umeshindwa kulipa kwa kuwa huna kazi, na unanyimwa kazi kwa kuwa hujalipa. Daftari limetoka dukani limepanda daladala. Hapa kwetu mikopo ya M-Pawa ilianza mwaka 2014 na mingine ikafuata, na kila unachokopa na kila siku unayochelewa kinaandikwa mahali. Sijui siku moja nani ataomba kukisoma. Kwenye bima ya gari bado hatujafika huko. Rafiki yangu akinunua bima ndogo ya Vitz yake anaulizwa aina ya gari na kama ni la biashara au la kutembelea, analipa, anapewa stika. Hakuna anayemuuliza kama analipa madeni, na yeye angecheka akiulizwa.

Sasa barua.

Nilipokuwa napekua sheria za Texas kwenye maktaba ya mtaa nilikuta vitu viwili. Cha kwanza kilinitia uchungu. Sheria ya jimbo inaikataza kampuni ya bima kumhesabia mtu vibaya deni lililo mikononi mwa wakusanya madeni likiwa limewekewa alama kwamba ni la matibabu. Maana yake ni hii: kama shangazi angeikimbia bili ya hospitali mpaka ikapelekwa kwa wakusanya madeni, kampuni ya bima isingeruhusiwa kuigusa. Lakini aliilipa. Alipoilipa kwa kadi likaacha kuwa deni la matibabu, likawa deni la kadi kama la mtu aliyekwenda kununua viatu Galleria. Uaminifu wake ndio uliomtia hatiani. Sikumwambia shangazi hilo, na sidhani kama nitamwambia. Nadhani Kiswahili cha insha hii hakitamfikia.

Cha pili kilikuwa na matumaini. Sheria hiyohiyo inaitaka kampuni impe nafuu ya kadiri mteja ambaye krediti yake imeathiriwa na ugonjwa mzito, na kifo cha mume au mke, mtoto au mzazi, na kupoteza kazi kwa muda, na talaka, au na kuibiwa utambulisho wake. Sharti ni kwamba mteja aombe kwa maandishi. Nikaruka juu pale maktaba. Nikarudi mbio nyumbani.

Shangazi hakuruka.

"Niwaandikie kwamba nimefiwa? Wao ni nani? Walikuja matangani?"

"Shangazi, ni haki yako kisheria."

"Haki haiombwi hivyo. Mimi nimeendesha vizuri, wanitoze vya mwenye kuendesha vizuri. Hayo mengine ni yangu na Mungu wangu."

Sikuwa na la kumjibu kwa sababu alikuwa amesema kwa sentensi mbili jambo ambalo mimi lilinichukua kurasa. Sheria ile ni njema, nadhani waliyoitunga walikuwa na huruma. Lakini inaigeuza haki kuwa msamaha, na msamaha una foleni, na kwenye foleni lazima ufunue kidonda. Mwenye kuona haya halipwi. Asiyejua kuandika barua halipwi. Angeshinda mwenye mpwa anayejifanya mwandishi.

Siku nne baadaye akaja mwenyewe chumbani kwangu, bila kubisha hodi. Kodi ya nyumba ilikuwa imekaribia. "Andika," akasema, akasimama mlangoni.

Niliandika kurasa mbili. Ninyi wenzangu mnaotaka kuandika mnaijua raha ile: niliweka usiku wa mwisho hospitalini, niliweka kikohozi cha mjomba, niliweka alivyoomba machungwa na shangazi akayamenya moja moja akiyatoa hata nyuzi nyeupe. Nilikuwa najisikia fundi kwelikweli. Shangazi akasoma akiwa amesimama, akachukua kalamu akakata aya ya machungwa.

"Ondoa hii. Hii siwapi."

Akakata na hospitali. Akakata na kikohozi. Kilichobaki ni mistari saba: jina lake, namba ya bima, tarehe ya kifo, kiasi cha bili, tarehe alipoilipa na kadi alizozitumia, ombi lenyewe, na kwamba nakala ya cheti cha kifo imeambatishwa. Akatia sahihi.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano. Ada imeshushwa hadi dola 655. Haikurudi ilipokuwa, na hawakueleza zile 43 za ziada ni za nini. Mstari wa kwanza ulisema kampuni inampa pole kwa msiba wake. Shangazi aliurudia mara mbili ule mstari, kimyakimya, halafu akaitia barua kwenye bahasha ya kaki pamoja na cheti cha kifo na risiti ya hospitali.

Zile kadi alizilipa kwa zamu za ziada za Jumapili, miaka miwili kasoro, mpaka mwanzoni mwa 2021. Siku alipomaliza aliniambia nivae viatu. Aliendesha mwenyewe hadi makaburini, maili 50 kwa saa, akipitwa na kila mtu. Hakuingia ndani. Alisimamisha gari kando ya uzio, akashusha kioo, akazima injini, akawa anazungumza kwa Kisambaa ambacho mimi sikijui vizuri. Neno moja nililolielewa lilikuwa tarakimu, elfu kumi na moja, kwa sababu hiyo aliitaja kwa Kiswahili.

Bima ilipohuishwa miezi michache baadaye, ada ilishuka dola 38. Gari lilikuwa lilelile, Camry ya mwaka 2009, na dereva ni yuleyule.